Kisu cha umeme: haki kwa dola 1, jina kwa mamilioni

Kisu cha umeme cha hospitali hukata nyama na papo hapo huziba mishipa midogo ya damu kwa joto. Aliyekiunda, Mmarekani William Bovie, hakutajirika nacho.

Oktoba 1, 1926 mjini Boston, daktari Harvey Cushing alikitumia kuondoa uvimbe wa kichwani. Siku chache kabla alilazimika kuuacha kwa sababu mgonjwa alitokwa na damu nyingi. Baadaye Bovie aliuza haki ya uvumbuzi wake kwa dola 1 tu.

Jina lake ndilo lililopanda bei. Mwaka 2018, kampuni ya Bovie Medical iliiuzia Symmetry Surgical biashara ya vifaa hivyo, pamoja na jina la Bovie, kwa dola milioni 97 taslimu.

Mashine hununuliwa mara moja ikakaa miaka. Kalamu za kukatia na pedi za kurudishia umeme, nyingi hutumiwa kwa mgonjwa mmoja zikatupwa. Hapo ndipo mauzo hujirudia. Anayetaka kuagiza bidhaa hizi, au kununua hisa za watengenezaji, aulize kwanza: nani ana haki, na nani anauza vya kutupwa?