Soda ya Miwa na Soda ya Mahindi: Ulimi Unasema Nini, Mwili Unapokea Nini

Katika maduka mengi ya Marekani, Coca-Cola iliyotoka Mexico hukaa rafuni ndani ya chupa ya kioo, na bei yake huzidi ile ya kopo la soda hiyohiyo lililojazwa nchini. Wateja huilipa bila kusita. Sababu yao ni moja: ya Mexico imetiwa sukari ya miwa, ya Marekani imetiwa shira ya mahindi, na ladha zake, wanasema, hazikaribiani hata kidogo. Wengi huongeza dai la pili, kwamba ya miwa ni ya asili zaidi, kwa hiyo haidhuru kama ile nyingine. Julai 2025 ubishi huo ulifika hadi Ikulu ya Marekani. Rais Donald Trump alitangaza kwamba Coca-Cola imekubali kutumia sukari ya miwa, na siku chache baadaye kampuni ikasema italeta sokoni toleo lenye sukari ya miwa ya Marekani, likiwa nyongeza kwa bidhaa zilizopo.

Madai hayo mawili yasichanganywe. La kwanza ni la ulimi, nalo lina ukweli ndani yake. La pili ni la mwili, nalo halina mashiko. Tena lina hatari, kwa sababu humpa mnywaji utulivu asiostahili kuwa nao.

Mahindi yalivyoingia kwenye soda

Punje ya mhindi imejaa wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Kuuvunja mnyororo huo ni ufundi wa zamani. Kikwazo kilikuwa kwamba glukosi ina utamu hafifu ukiilinganisha na sukari ya mezani. Mwaka 1957 Richard Marshall na Earl Kooi, wanasayansi wa Clinton Corn Processing Company katika jimbo la Iowa, walieleza namna kimeng'enya kinavyoweza kuigeuza glukosi iwe fruktosi, ambayo ni tamu kupita sukari ya mezani. Miaka ya 1960, Mjapani Yoshiyuki Takasaki alifanikiwa kupata kimeng'enya kinachostahimili joto la kiwandani, na mlango wa biashara ukafunguka.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mahindi hulowekwa na kusagwa, wanga ukatengwa, kisha vimeng'enya huukata vipande hadi ikabaki glukosi. Kimeng'enya kingine huigeuza glukosi kuwa fruktosi, ila hakiwezi kuigeuza yote, kwa hiyo kiwandani kazi hiyo huishia fruktosi ikiwa kama asilimia 42. Sehemu ya shira hiyo hupitishwa kwenye mitambo ya kutenganisha mpaka fruktosi ifike asilimia 90, halafu huchanganywa na ile ya 42 hadi ipatikane ya asilimia 55. Hiyo ya 55 ndiyo shira ya soda. Ina fruktosi asilimia 55, glukosi kama asilimia 42, na sukari nyingine kidogo.

Kilichoipa ushindi ni bei. Mwaka 1974 sukari ilipanda vibaya katika soko la dunia. Mwaka 1982 serikali ya Marekani ikaweka viwango vya kubana sukari inayoagizwa kutoka nje, na sukari ya ndani ikabaki ghali, ilhali mahindi yalikuwa tele na wakulima wake walipata msaada wa serikali. Shira nayo ni kimiminika, hubebwa kwa lori la tangi na kuvutwa kwa pampu hadi kwenye mtambo wa kuchanganyia. Mwaka 1980 Coca-Cola iliwaruhusu wajazaji wake kutumia shira kwa nusu ya utamu wa soda. Kufikia Novemba 1984, Coca-Cola na Pepsi zote zilikuwa zimeruhusu shira itumike peke yake.

Aprili 1985 ikaja New Coke, yaani Coca-Cola yenye ladha mpya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, wateja wakaghadhibika, na Julai mwaka uleule kampuni ikairudisha ile ya awali. Uvumi ulioenea ni kwamba sarakasi hiyo ilipangwa ili watu wasahau ladha ya sukari. Tarehe zenyewe zinaukanusha: ruhusa ya shira ilikuwa imeshatoka kabla New Coke haijazaliwa.

Hata hivyo sukari haikutoweka Marekani. Wayahudi wa asili ya Ashkenazi kwa desturi hawatumii mahindi wakati wa Pasaka yao, kwa hiyo kila mwaka majira hayo hutolewa Coca-Cola ya sukari yenye kifuniko cha njano. Wasio Wayahudi nao huitafuta, kwa ajili ya ladha tu.

Asidi inafanya kazi yake

Sukari ya miwa, ambayo wanakemia huiita sukrosi, ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoungana kama pingili mbili za muwa zinavyokutana kwenye fundo. Katika shira ya mahindi, glukosi na fruktosi ziko huru, kila moja kivyake. Tofauti hiyo ni ya kweli siku soda inapojazwa. Swali ni kama inadumu hadi siku ya kunywewa.

Soda ya kola ni kali kwa asidi. Imetiwa asidi ya fosforiki, na kipimo chake cha pH ni kama 2.5, si mbali sana na maji ya limau. Sukrosi haivumilii mazingira hayo. Maji yakisaidiwa na asidi hulikata lile fundo, molekuli moja baada ya nyingine. Kazi hiyo huendelea ghalani, njiani na rafuni, na joto likizidi huenda mbio. Kadiri wiki na miezi inavyopita, sukari iliyotiwa ikiwa sukrosi hugeuka kuwa glukosi na fruktosi huru, nusu kwa nusu. Chupa iliyovuka jangwa kutoka Mexico ikasubiri mnunuzi kwa miezi imeshaanza kufanana na jirani yake wa mahindi kabla haijafunguliwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walipima soda kadhaa katika maabara na kuchapisha matokeo katika jarida la Obesity. Katika Coca-Cola ya Mexico hawakuona sukrosi, waliona glukosi na fruktosi. Wapo walioshuku kwamba wameuziwa shira kwa jina la miwa, lakini mwenye kujua kazi ya asidi ataona kwamba matokeo ya namna hiyo hayatoshi kuthibitisha udanganyifu.

Hata kaboni yenyewe haitoi ushahidi. Muwa na mhindi ni nyasi za familia moja, na zote mbili hutumia njia ileile ya usanisinuru, kwa hiyo alama ya isotopu za kaboni katika sukari zake hufanana. Kipimo hicho huikamata vizuri shira ya mahindi iliyochakachuliwa ndani ya asali, kwa kuwa nyuki hukusanya nekta zaidi kwenye mimea ya kundi jingine. Kikiletewa miwa na mahindi, hakitofautishi.

Ulimi haudanganyi kila mara

Basi wanaosema wanaonja tofauti wanajidanganya? La. Fruktosi ina tabia ya kubadili umbo ndani ya maji, na umbo lake tamu kuliko yote huwa jingi zaidi kukiwa na baridi. Kwa hiyo fruktosi iliyotoka kwenye friji ni tamu kuliko fruktosi ya vuguvugu, wakati utamu wa sukrosi hauyumbi sana. Tena utamu wa fruktosi hufika haraka na kuondoka haraka, ule wa sukrosi hupanda taratibu na kukaa. Soda ya miwa iliyojazwa karibuni, sukrosi yake ikiwa bado nzima, inaweza kabisa kuonjeka tofauti. Msomaji aliyezoea soda ya chupa ya Dar es Salaam au Mombasa, isiyotiwa shira ya mahindi, akifika Marekani akaona soda ya kule si ile, hana haja ya kujitilia shaka.

Ila ulimi hauonji sukari peke yake. Chupa ya plastiki hupoteza gesi kidogo kidogo, ya kioo huitunza. Kopo lina utando wake wa ndani. Baridi ya kinywaji, maji ya mahali kilipojazwa, na kule kujua tu unakunywa nini, vyote vinaingia kwenye hukumu. Kipimo cha haki kinawezekana hata nyumbani. Mtu mwingine amimine katika vikombe vitatu vinavyofanana, viwili soda moja na kimoja nyingine, zote zikiwa na baridi sawa, na mwonjaji akitaje kile cha pekee. Anayebahatisha atapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo jaribio lirudiwe mara nyingi ndipo jibu liaminike.

Ini halijui shamba

Tukija kwenye mwili, ubishi unaisha. Sukrosi iliyobaki ikifika kwenye utumbo mwembamba, kimeng'enya kilichopo kwenye kuta zake hulikata fundo mara moja. Kuanzia hapo kinachoingia ni glukosi na fruktosi, iwe zilitoka kwenye muwa au kwenye gunzi. Glukosi huenda kwenye damu, na kongosho hutoa insulini. Fruktosi nyingi huishia kwenye ini, na ikizidi, ini hugeuza sehemu yake kuwa mafuta.

Tupige hesabu. Kopo la mililita 355 la Coca-Cola lina gramu 39 za sukari. Za miwa zingetoa fruktosi kama gramu 19.5. Za shira hutoa kama gramu 21.5. Tofauti ni gramu 2, na zinazobaki 37 zinakwenda kulekule. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Kopo moja limeshavuka.

Mwaka 2004 watafiti George Bray, Samara Joy Nielsen na Barry Popkin waliuliza kama shira ya mahindi inachangia unene wa Wamarekani. Swali lilikuwa halali. Lakini matumizi ya shira hiyo nchini humo yalifika kilele mwaka 1999 yakaanza kushuka, na unene uliendelea kupanda. Tena tuitazame Mexico yenyewe, nchi inayosifiwa kwa soda ya miwa. Kisukari ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watu wengi huko, na Januari 2014 serikali yake ilianza kutoza kodi ya peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari iliyoongezwa. Kodi hiyo haikuuliza kama sukari ni ya miwa au ya mahindi.

Anayependa soda ya miwa ana haki ya kuipenda, na anayeilipia zaidi amenunua ladha, kioo na kumbukumbu. Hakununua afya. Mzazi anayempa mtoto soda ya miwa kila siku kwa imani kwamba amemwepusha na ubaya wa shira, anampa mzigo uleule. Kwenye lebo, jina la mmea lisomwe baadaye. Kwanza zisomwe gramu, kisha ihesabiwe ni soda ngapi zinanywewa kwa wiki.