Ajali ya Boti Kizimkazi: Nani Hulipa?

Dai la fidia ya majeraha kwa kawaida husimama juu ya uzembe. Mdai huthibitisha kwamba mdaiwa alipaswa kuwa mwangalifu kwake, kwamba hakuwa, na kwamba majeraha yametokana na hilo. Kanuni hii ilipata sura yake ya sasa Uingereza mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue na Stevenson, nayo mahakama za kawaida za Zanzibar huifuata. Mahakama ya Kadhi husikiliza ndoa, talaka na mirathi, ajali hazimo.

Kizimkazi huionyesha kanuni hii ya uzembe waziwazi. Asubuhi boti hutoka katika vijiji vyake vya Dimbani na Mkunguni kupeleka watalii kutafuta pomboo katika Ghuba ya Menai, ambayo ni hifadhi tangu 1997. Pomboo wakiibuka, boti kadhaa hukimbilia hapo hapo na wageni hujirusha majini huku mashine zikinguruma. Nahodha akirudisha boti nyuma bila kuangalia waogeleaji walipo, rafadha ikamkata mtu mguu, amezembea, hata kama hakukusudia.

Tatizo ni kwamba nahodha mara nyingi hana cha kulipa. Ndiyo maana sheria humfuata tajiri wa boti: kosa la mwajiriwa akiwa kazini hubebwa na mwajiri pia. Tajiri anaweza kudai kwamba nahodha ni kibarua tu, hulipwa kwa safari. Mahakama hutazama kazi yenyewe: nani alitoa boti, nani alipanga safari, nani alikuwa na uwezo wa kuizuia safari hiyo bahari ilipochafuka. Ni haki iwe hivyo, kwani anayepata faida ya safari ndiye pia awezaye kukata bima.

Aliyeumia naye hupimwa. Aliyekataa jaketi la kuokolea, au akaruka kabla ya kuambiwa, huweza kupunguziwa fidia. Lakini kukubali kuogelea na pomboo ni kukubali mawimbi. Si kukubali kukatwa na rafadha.

Fidia hugharimia matibabu, maumivu na kipato kilichopotea. Mvuvi wa kijijini akivunjika mkono hapa ndipo hukwama, maana hana hati ya mshahara. Ushahidi wake uko dikoni: wanaonunua samaki wake wanajua alikuwa akipata nini, na wanaweza kusimama kizimbani kueleza. Fomu ya polisi, PF3, na ripoti ya daktari zitafutwe siku ile ile, na jina la boti liandikwe kabla haijaondoka pwani.