Wembe uko Bugembe, mpini uko Ujerumani: Je, bei yake inastahili?

BUGEMBE, Jinja – Kando ya barabara kuu itokayo Jinja kuelekea Iganga na mpaka wa Malaba, biashara mbili hazikosekani hapa Bugembe: kinyozi na duka la rejareja. Kwa kinyozi kuna kioo, kiti na mashine ya umeme. Dukani, katikati ya sabuni na viberiti, kuna viwembe vyenye makali pande mbili, kila kimoja kimefungwa katika karatasi yake, vinauzwa kimoja kimoja kwa sarafu.

Kinachokosekana ni mpini wake. Wembe huo ulibuniwa ukae ndani ya mashine ndogo ya chuma yenye kichwa na mpini. Kwetu umebaki peke yake, ukafanywa chombo cha kukatia kucha, kufumulia mishono na kuchongea penseli. Anayetaka kunyoa ndevu nyumbani hununua mashine ya plastiki ya kutupa, au huurudia wembe mtupu na kuushika kwa vidole.

Wakati huohuo, Ulaya, Japani na Amerika Kaskazini mashine hizo za chuma zimerudi, na safari hii ni bidhaa za kifahari. Zinauzwa kati ya dola 40 na 200 za Marekani. Vijana wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wanaziona kwenye simu zao na baadhi wanaziagiza. Swali la makala haya ni la kawaida kabisa: mtu anayenyoa kila siku au kila baada ya siku mbili, kwa kipato cha Jinja au Mbale, anapata nini kwa fedha hizo?

Jibu kwa ufupi ni kwamba faida ipo, kwa ngozi na kwa mfuko. Lakini sehemu kubwa ya faida hiyo haitoki kwenye mpini wa dola 150. Inatoka kwenye kiwembe kile kile cha dukani, kikitumiwa na mtu mmoja kwa mkono mwepesi.

Hataza iliyoisha, wembe wa wote

Mashine hii ilibuniwa na Mmarekani King Camp Gillette akisaidiwa na mhandisi William Nickerson. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, waliuza mashine 51 tu. Mwaka uliofuata waliuza zaidi ya 90,000, na Novemba 1904 Gillette akapewa hataza. Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoieneza duniani, maana jeshi la Marekani lilinunua mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake.

Hataza ya mwanzo iliisha mwaka 1921 na viwanda vingine vikaingia. Matokeo yake tunayaona mpaka leo. Wembe wa makali pande mbili una umbo moja dunia nzima: urefu wa milimita 43, upana wa milimita 22 na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Wembe wa Misri unaingia kwenye mashine ya Japani, na wa India unaingia kwenye ya Ujerumani. Topaz, Nacet au Supermax, majina yaliyozoeleka Afrika Mashariki, hukaa sawasawa ndani ya mpini wowote utakaotajwa hapa chini. Hakuna kampuni inayoweza kukufunga kwa kukuuzia mpini rahisi na wembe ghali, kama inavyotokea kwa mashine za wembe mbilimbili au tatutatu zilizounganishwa.

Ndevu zetu zina habari yake

Kwa mwanamume mwenye ndevu za kipilipili, jambo hili linagusa ngozi yake kuliko anavyodhani. Unywele uliojikunja, ukikatwa karibu mno na ngozi, hurudi na kuchoma ngozi kutoka ndani. Ndipo vinapotokea vipele vya shingoni na chini ya kidevu, vinavyowasha, kutoa usaha na kuacha alama nyeusi. Wanaoathirika zaidi ni wale ambao kazi inawalazimisha kunyoa kila siku: askari, walinzi wa kampuni, wahudumu wa hoteli.

Mashine yenye nyembe kadhaa zilizopangwa pamoja huongeza tatizo hilo. Wembe wa kwanza huuvuta unywele, wa pili huukata, na ncha iliyobaki huzama chini ya ngozi. Wembe mmoja hukata unywele usawa wa ngozi. Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwa wenye vipele ni kutumia wembe mmoja mkali, kufuata uelekeo wa ndevu, kutovuta ngozi na kutorudia mahali pamoja mara nyingi. Ambaye vipele vyake havikomi hata hivyo, afadhali aache wembe na atumie mashine ya umeme inayoacha ndevu fupi kidogo.

Mashine zenyewe

Ubora wa mashine ya wembe hupimwa kwa mambo matatu: jinsi inavyoubana wembe usitikisike, kiasi cha makali kinachojitokeza nje, na madini iliyotengenezwa nayo.

Merkur 34C inatoka Solingen, mji wa Ujerumani unaojulikana kwa visu na nyembe kwa karne nyingi. Ina vipande viwili, mpini mfupi na mnene, na uzito wa karibu gramu 80. Uzito huo ndio unaofanya kazi, mkono unaongoza tu. Haina ukali mwingi, inamfaa anayeanza, na bei yake ni kama dola 40 hadi 50.

Mühle R89, kutoka Stützengrün katika jimbo la Saxony, ina vipande vitatu na mpini mrefu zaidi. Kichwa chake ni ndugu wa kile cha Edwin Jagger DE89 ya Sheffield, Uingereza, kwa kuwa kampuni hizo mbili zilikibuni kwa pamoja. Anayenunua mojawapo hana sababu ya kuitamani nyingine. Zote mbili ni nyororo na rahisi kusafisha. Mnunuzi asiichanganye R89 na R41 ya kampuni hiyohiyo, ambayo ina meno kama kitana na ukali usiomfaa mgeni.

Udhaifu wa mashine hizi tatu ni mmoja. Vichwa vyake ni vya aloi ya zinki iliyopakwa kromiamu. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji ya bafu la uani, rangi hubanduka au uzi wa skrubu hukatika, na maji yakishaingia, kutu ya zinki haina tiba.

Henson AL13 ya Kanada ni ya aluminiamu, nyepesi kwa takriban gramu 37, na watengenezaji wake wametokea kwenye uchongaji wa vipuri vya vyombo vya anga. Makali hutokeza kwa karibu sehemu tatu za mia za milimita tu, na kichwa chake hukulazimisha kushika pembe sahihi. Kwa mwenye vipele na asiye na uzoefu, hii ndiyo yenye hoja nzito zaidi kwa bei ya takriban dola 70.

Rockwell 6S, nayo ya Kanada, ni ya chuma cha pua. Inakuja na bamba tatu zinazogeuzwa, hivyo inatoa ngazi sita za ukali. Baba anaweza kuanza na namba 1 kwa ndevu za kila siku na kupanda namba 4 akikaa wiki bila kunyoa. Bei yake hupita dola 100.

Feather AS-D2 ya Japani, pia ya chuma cha pua, ndiyo ya fahari kuliko zote hizi na bei yake hukaribia au kupita dola 150. Imetengenezwa kwa umakini mkubwa na ni laini mno. Lakini kwa ndevu nene ulaini huo unamaanisha kupitisha wembe mara mbili au tatu, na mwenye vipele hapaswi kufanya hivyo.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue dola moja kuwa takriban shilingi 3,600 za Uganda. Merkur ya dola 45 ni shilingi 162,000 kabla haijavuka mpaka. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizokamilika kwa kawaida hutozwa asilimia 25, na Uganda huongeza VAT ya asilimia 18. Kwa viwango hivyo inafika karibu shilingi 239,000, bila kuhesabu usafirishaji na tozo nyingine. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hupata takriban shilingi 500,000 kwa mwezi.

Sasa tuweke mfano. Mtu ananyoa mara tatu kwa wiki, yaani mara 156 kwa mwaka. Kiwembe cha shilingi 200 kikimtosha kwa mara nne, atahitaji viwembe 39, sawa na shilingi 7,800. Mwenzake anayetumia mashine ya kutupa ya shilingi 1,000 kwa mara tatu atanunua 52, sawa na shilingi 52,000. Tofauti ni shilingi 44,200 kwa mwaka.

Kwa mfano huo, Merkur iliyolipiwa kodi itarudisha fedha yake baada ya miaka mitano na ushee. Rockwell na Feather zitachukua zaidi ya miaka kumi, ingawa chuma cha pua kinaweza kurithiwa na mtoto. Lakini mpini wa kawaida wa dola 10 kutoka India au China, hata ukilipiwa kodi zote hizo, utagharimu kama shilingi 53,000 na kurudisha gharama kwa mwaka mmoja na miezi michache. Wembe utakaokaa ndani yake ni uleule.

Mpini hauzuii damu

Kuna hesabu nyingine isiyopimwa kwa shilingi. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na doa la damu lisiloonekana kwa macho linatosha kuvibeba. Uganda iliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni kwa njia hiyo, na wengi wao ndio wanaonyoa ndevu leo.

Wakazi wa Mbale na vilima vya Bugisu wanalielewa jambo hili bila kuhubiriwa. Tangu UKIMWI uenee, maofisa wa afya wamekuwa wakihimiza katika msimu wa imbalu kwamba kila kijana atahiriwe kwa kisu chake, au kisu kitakaswe kabla ya kumfikia mwingine. Kama kanuni hiyo inakubalika katika mila nzito kiasi hicho, haina sababu ya kushindikana kwenye beseni la kunyolea. Mashine ya Solingen inayotumiwa na baba, mjomba na vijana wawili kwa wembe mmoja ni hatari kuliko kiwembe cha sarafu alichokifungua mtu mwenyewe. Na anayekwenda kwa kinyozi aende na kiwembe chake mfukoni, au adai kipya kifunguliwe mbele ya macho yake.

Kuhusu namna ya kunyoa, methali imeshasema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wahenga walionya juu ya mengine, lakini hata kwa ndevu wako sahihi. Lowesha ndevu kwa maji ya moto kwa dakika mbili au tatu, paka sabuni yenye povu, shika mpini ukiwa umeinama kwa nyuzi 30 hivi, na usikandamize. Wembe uliokwisha usitupwe jalalani wanakocheza watoto. Toboa mwanya kwenye mkebe wa maziwa, ujaze viwembe kwa miaka, kisha uzibe. Yule mtoto anayelilia wembe katika methali ile nyingine, tusimpe.

Jinja iliwahi kuyeyusha shaba

Mipini mingi mizuri ni ya shaba iliyochanganywa na zinki. Jinja hii iliwahi kuwa na tanuru la kuyeyushia shaba ya Kilembe, iliyoletwa kwa reli kutoka Kasese kuanzia mwaka 1956. Leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwanachama wa Jumuiya tangu 2022, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa shaba duniani, na zinki anayo pia. Kutengeneza wembe wenyewe ni kazi ngumu ya chuma chembamba na mitambo ya usahihi mkubwa. Kutengeneza mpini ni kazi ya tanuru dogo na mashine ya kuchonga skrubu, kazi ambayo mafundi wa Jinja, Kisumu na Mwanza wanaiweza. Mpini wa namna hiyo ungevuka Malaba, Busia na Mutukula bila ushuru wa forodha kwa kanuni za soko letu wenyewe, ukakuta wembe wake tayari uko dukani.

Mpaka hapo patakapofikiwa, mwenye fedha na vipele anunue iliyo nyororo kama Henson au R89. Anayetaka kitu cha maisha achague chuma cha pua. Mwenye kipato cha kawaida anunue mpini wowote imara usiotikisa wembe. Na wote watatu wafuate sharti moja: wembe mmoja, uso mmoja.