Homa Inapoingia, Chuma Hujificha

Jioni moja, baada ya mkutano wa akina mama, mwenzetu mmoja alitutolea karatasi ya maabara mkobani. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa na mafua makali na homa ya siku mbili. Karatasi ilionyesha kwamba chuma katika damu yake kimeshuka. Mama alikuwa amekwisha kununua shurubati ya kuongeza damu, naye alituuliza: "Dada, nimpe vijiko viwili badala ya kimoja ili apone upesi?"

Je, wewe mama mwenzetu ungemjibuje?

Wengi wetu tunajua kwamba chuma kikipungua, damu nayo hupungua. Lakini wakati wa homa mambo hubadilika. Virusi vinapoingia mwilini, ini hutoa kitu kiitwacho hepsidini. Hiki huzuia chuma cha chakula kisipite utumbo kwa wingi, na chuma kilichomo katika ini na wengu kisitoke. Ni kama mama anayefunga ghala asikiapo wezi uani. Kwa muda wa saa chache, chuma kinachozunguka katika damu huweza kushuka sana. Hakijapotea, kimefichwa.

Ndiyo maana shurubati hainywewi vizuri na mwili siku za homa. Tena kuzidisha vijiko ni hatari: chuma kingi huunguza tumbo la mtoto, na huweza kumwua.

KARATASI HUWEZA KUTUPOTOSHA

Kipimo kingine ni feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma. Hiki nacho hupanda wakati wa homa, hata akiba ikiwa ndogo. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano aliye mzima, feritini chini ya 12 huonyesha kwamba akiba imekwisha. Akiwa na maambukizo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba kipimo kiwe chini ya 30. Kwa mtu mzima ni 15 akiwa na afya, na 70 akiwa mgonjwa. Katika homa ya ini inayosababishwa na virusi, chuma huweza hata kupanda, kwa sababu ini lililoumia huvujisha akiba yake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mtoto mwenye homa apimwe malaria; tusidhani tu kwamba ni mafua. Akiwa na surua, apelekwe kituoni apewe vitamini A.

Pili, tumpe maji, uji na maziwa ya mama mara kwa mara. Dawa ya chuma tusimwanzishie wenyewe. Tungoje apone, kisha apimwe tena.

Tatu, mama mjamzito asiache vidonge vyake kwa sababu ya homa bila kumwuliza mkunga.

Nne, viganja vikiwa vyeupe, mtoto akipumua kwa shida, akipata degedege au akishindwa kunyonya, tusingoje hata kidogo. Twende hospitali.

Akishapona ghala hufunguka. Hapo ndipo dagaa, maini, maharage na mchicha, pamoja na chungwa au embe, vitamfaa sana.

Mwenzetu aliifungia shurubati kabatini, mbali na mikono ya watoto. Baada ya wiki kadhaa alimrudisha mtoto kupimwa. Chuma kilikuwa kimerudi chenyewe.