Waya Mdomoni, Floraidi Kisimani

Waya wa kupanga meno hushikiliwa na vibao vidogo vya chuma vilivyogundishwa juu ya enameli, lile tabaka gumu la nje la jino. Ndiyo maana mtu wa Mhunze, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, anayetaka kunyoosha meno yake inambidi aanze na swali ambalo wa kwingine pengine hataulizwa: utotoni ulikunywa maji gani?

Maji ya ardhini katika maeneo mengi ya Shinyanga, wilaya ya Kishapu ikiwemo, yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa vyanzo vingi visingeweza kutimiza kiwango kile cha chini. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya fizi, yaani hadi kufikia umri wa miaka 8 hivi, huota meno yenye madoa meupe kama chaki au ya kahawia. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huongeza floraidi. Maji ya Ziwa Victoria, yaliyoanza kufika Shinyanga mjini na Kahama mwaka 2009 kutoka Ihelele wilayani Misungwi, yana floraidi kidogo, lakini hayafuti madoa ambayo jino limekwisha kuyapata.

Madoa hayo yana maana kubwa siku ya kugundisha vibao. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno wa Marekani, alionyesha kwamba asidi ya fosforiki ikipakwa kwenye enameli huichimba vitundu vidogo mno, na gundi ikiingia humo hushika barabara. Enameli iliyoathiriwa na floraidi ina ngozi ya juu inayoikataa asidi, na chini yake kuna sehemu yenye vinyweleo, dhaifu. Kwa madoa madogo tofauti huwa ndogo. Kwa madoa makali vibao hubanduka upesi, na daktari hulazimika kurefusha muda wa asidi au kusugua kidogo ngozi ile kwanza. Hakuna sababu ya kumnyima mtu matibabu kwa ajili ya madoa. Ila daktari ayajue tangu mwanzo, na mgonjwa ajue kwamba vibao vyake vinahitaji uangalifu zaidi.

Kazi yenyewe ya waya ni ya taratibu. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna utando wa nyuzi wenye unene wa takriban robo ya milimita. Waya ukisukuma jino, utando hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Upande uliobanwa seli hula mfupa, na upande uliovutwa seli nyingine hujenga mfupa mpya. Kwa mwendo huo jino husogea karibu milimita moja kwa mwezi. Kulegea kidogo na kuuma kwa siku mbili tatu baada ya waya kukazwa ni kawaida. Uji, ugali laini na mlenda vinatosha kumvusha mtu siku hizo.

Chakula ndicho mtihani mkubwa. Michembe mikavu, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ina nguvu ya kung'oa kibao kwa mng'ato mmoja. Ichemshwe hadi iive kabisa, iliwe laini. Mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe kwanza, nyama ikatwe vipande vidogo, na muwa uachwe hadi matibabu yaishe. Nsansa ya karanga, ile mboga ya majani makavu, haivunji kitu, lakini angalia kwenye kioo baada ya kula: majani hujikunja nyuma ya waya na punje za karanga hukaa pembeni mwa vibao. Hapo ndipo bakteria hugeuza sukari na wanga kuwa asidi. Asidi ya mdomoni ikizidi hadi kipimo cha pH kushuka chini ya 5.5, enameli huanza kupoteza madini, na alama nyeupe zinaweza kuonekana kuzunguka kibao ndani ya wiki chache tu. Soda inayonywewa kidogo kidogo mchana kutwa ni mbaya kuliko ile inayomalizwa mara moja pamoja na chakula, kwa sababu mate hayapewi nafasi ya kuirekebisha hali.

Mswaki wa mti husafisha uso wa jino vizuri, ila nyuzi zake hazipiti chini ya waya. Tumia mswaki wa dukani wenye nywele laini, uuelekeze juu ya waya, kisha chini yake, jino kwa jino, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe na floraidi. Wapo wanaoiogopa kwa sababu ya yale yaliyowapata utotoni, na hofu yao naielewa kabisa. Lakini meno ya mtu mzima yamekwisha kujengwa, na floraidi inayopakwa juu huyakinga. Ukimaliza, tema tu bila kusukutua. Dawa hubaki ikifanya kazi, na ndoo ya maji haiguswi.

Kwa vijana wetu kuna hatari nyingine: safari. Anayeondoka Mhunze kwenda machimbo ya Geita na kibao kimoja kimebanduka anaweza kurudi baada ya miezi akiwa na jino lililosimama au kugeukia pasipotakiwa, maana waya hausubiri. Mpigie daktari simu kabla ya kuondoka. Ncha ya waya ikichoma shavu, ifunike kwa nta uliyopewa kliniki. Usiikate kwa koleo, kipande kinaweza kuingia kooni. Kliniki nayo iko mbali, Shinyanga mjini au hata Mwanza, kwa hiyo nauli za kila mwezi au miezi miwili zihesabiwe kabla ya kibao cha kwanza kugundishwa.

Katika hesabu hiyo weka pia kifaa cha kushikilia meno kinachovaliwa baada ya waya kuondolewa. Mfupa mpya huchukua miezi mingi kukomaa, na asiyekivaa meno yake huanza kurudi yalikotoka.