Kompyuta Yetu Iliyokuwa Ikiganda

Nilipofika nyumbani Morogoro wakati wa likizo, nilimkuta kaka yangu amekwisha kuunda kompyuta kwa mikono yake mwenyewe. Vipande vyote alivinunua Kariakoo, kimoja kimoja kadiri alivyopata fedha, na makusudi yake yalikuwa kufungua kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala. Kompyuta ilipendeza machoni na ilikuwa nyepesi kwa kazi, lakini ilikuwa na kasoro moja: ilikuwa ikiganda. Mara mshale husimama kiooni, saa haisogei, wala hapana kitufe kinachosikia. Dawa ilikuwa kuizima kwa nguvu na kuiwasha tena. Siku moja iliganda mara mbili. Kisha ikakaa siku tatu salama, hata tukadhani imepona. Siku ya nne ikaganda tena na kupoteza kurasa 11 za mama mmoja aliyekuja kuandikiwa taarifa ya chama chao cha akiba. Yule mama hakusema neno. Alikusanya karatasi zake akaenda zake.

Mwenye duka alikuwa ametoa siku 14 za kurudisha kipande kibovu, nazo tano zilikuwa zimekwisha. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi. Nirudishe kipande kipi?"

Majirani walikuwa na majibu tele. Mmoja alisema ni virusi, mwingine alisema ni umeme wa mtaa, na wa tatu alitushauri tuiuze. Naye huyo alikuwa tayari kuinunua yeye mwenyewe, kwa bei ya bure.

Kwanza nilitaka kujua ni nini hasa kinachoganda. Ilipoganda tena nilibonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Kama taa yake ingewaka na kuzima, ningejua kwamba mashine yenyewe ingali hai, na huenda ni programu moja tu au kioo kilichokwama. Taa haikubadilika. Basi mashine nzima ilikuwa imesimama.

Kisha nikafungua daftari la matukio ambalo Windows hujiandikia, na humo nikakuta kosa namba 41 limerudiwa mara nyingi, likitaja umeme. Nusura nimwambie kaka arudishe pawa saplai! Bahati nzuri nilitazama saa. Kila kosa lilikuwa limeandikwa baada ya sisi wenyewe kuizima kwa nguvu. Namba ile husema tu kwamba kompyuta imewaka bila kuzimwa vizuri kabla yake; haisemi kwa nini. Tulikuwa tukisoma habari ya kidole chetu wenyewe.

Joto nalo halikuwa na hatia. Prosesa ilifika digrii 68 katika kazi nzito, na feni zote zilizunguka.

Ikabaki ramu. Kaka alikuwa na vijiti viwili vya gigabaiti 8, vyote vimeandikwa mwendo wa 3600. Katika baiosi, yaani mipangilio ile ionekanayo kabla Windows haijaamka, alikuwa amewasha mpango uitwao XMP ili apate mwendo huo. Wasomaji wajue kwamba kipimo cha kawaida cha ramu ya aina ya DDR4 huishia 3200. Kupita hapo ni kuikimbiza, na volti huongezwa kutoka 1.2 hadi 1.35.

Nilipakia programu ya MemTest86 katika flashi nikaiacha ifanye kazi usiku. Baada ya dakika 40 hivi mistari myekundu ya makosa ilijaa kiooni. Kaka alifurahi, akataka kupanda basi alfajiri akagombane na mwenye duka. Nikamwuliza, "Kijiti kipi kaka?" Akanyamaza.

Tukakipima kila kimoja peke yake, kwa mwendo uleule wa 3600, tena katika nafasi zote mbili. Kazi hii ilikula siku kadhaa, na kaka alihesabu zilizobaki kwa sauti kila asubuhi. Hakuna kijiti kilichotoa kosa hata moja! Nafasi zilikuwa nzima, na vijiti vilikuwa vizima. Tulipoviweka pamoja, mistari myekundu ikarudi.

Ndipo kaka aliponiambia kwamba alivinunua kwa miezi miwili tofauti. Lebo zilifanana, lakini lebo haisemi chipu za ndani zimetoka wapi, na prosesa yapaswa kuviongoza vyote viwili kwa mapigo mamoja. Kwa mwendo wa 3600 havikuweza kwenda sawa. Nikaushusha hadi 3200, nisiguse kitu kingine chochote, maana mtu akibadili vitu viwili kwa pamoja hatajua kipi kilichoponya. Programu ilipima usiku kucha bila kosa, na usiku wa pili vilevile. Hata hivyo tulikagua upya hati zote zilizoandikwa siku za nyuma, kwa sababu ramu inayokosea yaweza kuharibu maandishi bila kutoa taarifa.

Siku ya 13 kaka alikwenda Kariakoo kununua karatasi na wino. Juma lililofuata yule mama alirudi, na karatasi zake zilezile mkononi.