Bomba la Mafuta Lipitalo Handeni na Korogwe

Kila nchi, kama ilivyo kila nyumba, haina budi kupata moto wake mahali. Nyumba yenye watu watatu hutosheka na mzigo mmoja wa kuni. Nyumba yenye arusi hutaka magogo. Kadhalika nchi yenye viwanda vichache hutumia moto kidogo, bali nchi yenye viwanda vingi na miji mikubwa hula moto usiku na mchana. Nguvu hiyo, iwe ya kuni, ya makaa ya mawe, ya mafuta, ya maji au ya jua, kwa jina moja huitwa nishati. Katika somo hili tutaitazama nchi ya Uchina, ambayo inabadili moto wake, nasi tutaona jinsi habari za nchi ile ya mbali zilivyofika hata katika mashamba ya mahindi ya Handeni na Korogwe.

Hapo zamani Wachina wengi walikuwa wakulima maskini. Kuanzia mwaka 1978 wakuu wa nchi ile walifungua milango ya biashara, na katika muda wa miaka arobaini viwanda viliongezeka sana, hata leo ni shida kuingia dukani Korogwe pasipo kukuta kitu kilichotengenezwa kwao: sufuria, baiskeli, taa, simu, majembe. Viwanda hivyo vililishwa makaa ya mawe, kwa kuwa Uchina ina makaa mengi chini ya ardhi yake. Ikawa nchi hiyo peke yake huchoma zaidi ya nusu ya makaa yote yachomwayo duniani. Mafuta ya petroli nayo hayakuwatosha. Tangu mwaka 1993 wamekuwa wakinunua nje kuliko wanayouza, na siku hizi katika kila mapipa kumi wanayotumia, zaidi ya saba hutoka nchi za ng'ambo.

Mambo hayo yaliwaletea taabu. Moshi ulifunika miji. Mwaka 1913 hapakuwa na moshi kama huo, lakini mwaka 2013, wakati wa baridi, watu wa Beijing walishindwa kuona majumba yaliyo ng'ambo ya pili ya njia. Tena, nchi inayotegemea mafuta yaletwayo na merikebu hulala kwa wasiwasi, maana bahari ikifungwa kwa vita, motokaa zitasimama. Na zaidi ya hayo, wataalamu wa dunia yote walikuwa wakionya kwamba hewa itokayo katika makaa na mafuta hulitia joto anga, na kuharibu majira ya mvua.

Basi Uchina ilianza kugeukia jua, upepo na maji. Mwezi wa Septemba 2020 Rais Xi Jinping aliahidi mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba hewa hiyo chafu itaacha kuongezeka kabla ya mwaka 2030, na kwamba kabla ya mwaka 2060 nchi yake haitatoa zaidi ya ile inayoweza kuondolewa tena angani. Mwaka uliofuata aliahidi pia kwamba Uchina haitajenga tena katika nchi za nje vituo vipya vya umeme wa makaa ya mawe.

Ili tufahamu ukubwa wa kazi hiyo, tutumie kipimo tunachokijua. Pale Hale, wilaya ya Korogwe, maji ya mto Pangani huingizwa chini ya ardhi na kuzungusha mitambo miwili. Kituo kile kilianza kazi mwaka 1964, na mitambo yote miwili ikifanya kazi sawasawa hutoa megawati 21. Sasa sikilizeni: mwaka 2024 peke yake Uchina iliongeza mitambo ya umeme wa jua yenye zaidi ya megawati 270,000. Gawanyeni kwa 21, nanyi mtaona kwamba ni kama kujenga vituo zaidi ya 12,000 vya Hale katika mwaka mmoja. Hesabu hii si sawasawa kabisa, kwa kuwa jua huzama kila jioni, na mto haulali. Walakini hata tukipunguza sana, kazi hiyo yastaajabisha. Katika mwaka huohuo karibu nusu ya motokaa mpya zilizouzwa huko zilikuwa zile zinazoweza kutiwa umeme.

Lakini msidhani kwamba Wachina wameacha makaa. Mwaka 2024 zaidi ya nusu ya umeme wao ulitoka bado katika makaa ya mawe, na vituo vipya vya makaa vilikuwa vikijengwa nchini mwao. Mtu mwenye meko mawili huwasha la pili kwanza ndipo azime la kwanza. Hilo si ajabu; la muhimu ni kuangalia kama kweli la kwanza litazimwa.

Sasa tujifunze neno jingine, nalo ni mtaji. Nchi ikipata fedha nyingi, matajiri wake na mashirika yake hutafuta mahali pa kuziweka ili zizae. Wengine huziweka nyumbani, wengine huzipeleka nje. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na mtaji wa Ulaya ukaujaza mkonge katika bonde lote la Korogwe. Katika miaka ya 1930 maporomoko ya mto Pangani yalitiwa mitambo, na umeme wake ukapelekwa Tanga na katika mashamba ya mkonge. Wakati ule mtu aliyeishi chini ya nguzo za nyaya hizo aliweza kuzisikia zikivuma juu ya paa lake, naye mwenyewe akawasha kibatari. Mwaka 1995 kituo kipya cha Pangani Falls, chenye megawati 68, kilimalizwa kwa fedha za Norwe, Uswidi na Ufini. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa, nao ulikuwa na faida kwa watu wengi zaidi kuliko ule wa kwanza.

Uchina nayo ilikuja. Wazee wanakumbuka reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba. Baadaye likaja bomba la gesi kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, lililojengwa na Wachina kwa mkopo wa benki yao, na kufunguliwa mwaka 2015. Na sasa tunafika katika bomba linalotuhusu sisi.

Mwaka 2006 yaligunduliwa mafuta mengi nchini Uganda, karibu na Ziwa Albert. Uganda haina pwani, na mafuta yasiyo na njia ni kama mahindi yaliyokomaa mahali pasipo na barabara. Mwaka 2016 Uganda ilichagua njia ya Tanga, na mwezi wa Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi pale Chongoleani. Bomba lenyewe lina urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima. Katika hizo, kilometa 1,147 zimo katika ardhi ya Tanzania. Likitoka Kagera hupita mikoa minane, na mwisho wa safari yake huingia mkoa wa Tanga kwa Kilindi, likapita Handeni, Korogwe na Muheza, mpaka baharini. Mwaka 2025 mafundi walikuwa bado kazini kulijenga.

Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa huganda, mfano wa mchuzi wa nyama iliyonona uliolala usiku kucha. Kwa sababu hiyo hayana budi kuwekwa katika joto la nyuzi 50 hivi njia nzima, na kila kipande cha bomba huvikwa koti nene la kuhifadhi joto. Kazi hiyo ya kuvika ilifanyika katika kiwanda cha Sojo, wilaya ya Nzega. Bomba hufukiwa chini ya udongo. Mwanafunzi asidhani kwamba mtu wa Handeni aweza kulitoboa akajaza taa yake: mafuta hayo ni ghafi, hayafai kwa taa wala kwa pikipiki mpaka yasafishwe.

Ni nani wenye bomba hili? Kampuni ya Ufaransa iitwayo TotalEnergies ina sehemu 62 katika 100. Shirika la mafuta la Uganda lina 15, na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania lina 15 pia. Sehemu 8 zilizobaki ni za CNOOC, yaani shirika la serikali ya Uchina lichimbalo mafuta.

Hapo ndipo msomaji mwenye akili atakapouliza: Ikiwa Uchina inageukia jua, mbona yaweka fedha katika mafuta? Jibu la kwanza ni kwamba CNOOC ina sehemu kubwa katika visima vyenyewe vya Ziwa Albert, na mwenye mavuno hana budi kuwa na njia. Jibu la pili ni kwamba motokaa ndogo zaweza kutumia umeme leo, lakini ndege, merikebu, malori makubwa na viwanda vya plastiki bado vyahitaji mafuta, na Uchina ndiyo mnunuzi mkubwa wa mafuta ya nje kupita nchi zote. Jibu la tatu halisemwi sana, nalo ni kwamba mtaji hautoki mikono mitupu. Mabomba ya chuma ya kazi hii yalitengenezwa Uchina, yakaletwa kwa merikebu mpaka Dar es Salaam. Kwa hiyo fedha nyingine zilizotoka zilirudi kwa mlango wa pili, zikawa mishahara ya mafundi wa huko.

Tufanye hesabu tena. Tukiligawa bomba kwa urefu kama hisa zilivyogawanywa, Wafaransa watapata kilometa 895 hivi, Wachina 115, na Tanzania 216. Walakini ardhi ya Tanzania imebeba kilometa 1,147, yaani karibu sehemu 80 katika 100. Ni kweli kwamba mwenye kutoa fedha nyingi hupata hisa nyingi, na kwamba serikali yetu inatazamia kodi, na vijana wetu walipata kazi na ufundi. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hawakusema mwenyeji atapona kwa kiasi gani. Hilo huandikwa katika mkataba, na mkataba husomwa na wachache.

Wenyeji walioliona jambo hili kwa karibu ni wale ambao njia ya bomba ilipita katika mashamba yao. Njia hiyo ina upana wa mita 30. Kwanza walikuja wapimaji na wathamini, wakahesabu miti na nyumba. Tangu siku hiyo mwenye shamba aliambiwa asipande mazao ya kudumu wala asijenge upya mahali pale. Fidia haikuja upesi. Wengi walingoja miaka. Mtu wa mjini aweza kusema kwamba miaka michache si kitu. Lakini mkulima aliyenuia kupanda michungwa na kukatazwa, amepoteza na mavuno ambayo hayakuhesabiwa na mthamini yeyote, kwa kuwa miti isiyopandwa haina idadi. Waliopoteza makao waliweza kuchagua fedha au nyumba mpya, na nyumba hizo zilijengwa.

Kuna waliolipinga bomba kwa sababu nyingine. Mwezi wa Septemba 2022 Bunge la Ulaya lililaumu kazi hii kwa ajili ya mazingira na haki za watu, na mabenki makubwa mengi ya ng'ambo yalikataa kuikopesha. Serikali za Uganda na Tanzania zilijibu kwamba nchi za Ulaya zilitajirika kwa makaa na mafuta, wala si haki kuwafungia wengine mlango ambao wao wamekwisha kupita. Mwezi wa Machi 2025 kampuni ya bomba ilitangaza kwamba imepata mkopo wa kwanza kutoka katika mashirika ya fedha, yakiwamo mabenki ya Afrika. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimesema kweli kidogo, na mkulima wa Handeni asiyepata mvua ya vuli anazihitaji kweli zote mbili.

Wakati huohuo mtaji mwingine wa Uchina umeingia katika vijiji vyetu bila jiwe la msingi wala hotuba. Ni vibao vya jua. Zaidi ya sehemu 80 katika 100 za kazi ya kuvitengeneza ulimwenguni hufanyika Uchina, na kwa kuwa viwanda vyao ni vikubwa, bei imeshuka sana. Mtu wa Kabuku au Mkata hununua kibao kimoja na betri, akafunga taa mbili na kuchaji simu za jirani. Hakuna aliyehamishwa kwa ajili ya kibao hicho. Walakini hakikutengenezwa hapa, na kikiharibika, fundi wa kukitengeneza ni vigumu kumpata. Tena jikoni chini ya paa hilohilo huwaka kuni na mkaa, kama zamani.

Bomba la mafuta limekusudiwa kufanya kazi kwa muda wa miaka 25 hivi. Waliotoa fedha zao wanatumaini kwamba katika miaka yote hiyo watakuwako wanunuzi. Na mnunuzi mkubwa kuliko wote ndiye huyo aliyeahidi kubadili moto wake kabla ya mwaka 2060. Mwanafunzi aliye na miaka 12 katika mwaka 2026 atakuwa na miaka 46 wakati huo, na bomba litakuwa chini ya udongo wa Handeni, ama limejaa, ama ni tupu.